Jaji Aliyetangaza Theluji Bila Idhini

Wanachama wote wa Umoja wa Wazungumzaji Kiswahili wa Kusini mwa Stockholm, pamoja na wenzi wao na wageni waalikwa, walitangaziwa rasmi kwamba theluji haijaanguka. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa Fittja, likiwa na muhuri wa bluu na maneno "kwa utekelezaji wa haraka". Anselmo, aliyelibandika, alilazimika kwanza kuupangusa mlango theluji kwa kiganja ili gundi ishike, kisha akautia mkono mfukoni upate joto.

Anselmo alikuwa Katibu Mwenezi wa Umoja. Tangu wiki iliyopita alikuwa pia Mwendesha Mashtaka Mkuu katika kesi ya kumwondoa Jaji Mkuu madarakani, cheo ambacho hakikuwemo kwenye katiba lakini kilimkaa vizuri. Kazini kwake, kwenye ghala la vipuri vya magari, Waswidi walimwita Anselmo tu, kavukavu, bila hata "Bwana". Aliwasamehe. Taifa linalomwita waziri mkuu kwa jina lake la kwanza haliwezi kujua linachokosa.

Asiyekuwepo hawezi kuelewa uzito wa kesi hii bila kuambiwa habari ya Ibara ya Saba. Waasisi wa Umoja walikuwa Warundi, Wanyarwanda na Watanzania waliofika nchi hii na makoti ya kuazima, na jambo moja walilokubaliana bila mjadala ni kwamba kalenda haiaminiki. Walikotoka walishaona uchaguzi wa Juni ukisogea mpaka Septemba, na wa Septemba ukisogea mpaka Mungu akipenda. Basi wakakaa jikoni kwa Mama Leokadia kule Hagsätra wakatafuta kitu ambacho hakuna mkubwa anayeweza kukiahirisha. Walitafuta hadi chai ikapoa. Mwishowe mmoja akatazama dirishani, na wengine wakatazama alikotazama. Ibara ikaandikwa papo hapo: mwenyekiti ataachia kiti siku theluji ya kwanza itakapoanguka katika mwaka wake wa tatu, na Jaji Mkuu ndiye atakayeitangaza. Wakapeana mikono wakijiona wamemaliza kazi.

Hawakuwa wamekutana na Vedasto.

Vedasto alikuwa mwenyekiti, na mwaka wake ulikuwa huo wa tatu. Alikuwa mzee wa kanisa, kiongozi wa kikundi cha kupinga ulevi, na mtu wa suti hata siku ya kufagia ukumbi, ingawa siku hiyo kazi yake ilikuwa kuuzindua ufagio. Yeye ndiye aliyegawa Jumamosi za ukumbi. Mwenye arusi, mwenye ubatizo, mwenye matanga, wote walipita kwake, na katika Umoja ule ni nani asiyekuwa na binti wa kuoza? Mwezi wa Februari balozi alitarajiwa kuja kula chakula na wanachama. Vedasto alikuwa ameshachagua tai.

Theluji ikaanguka Jumapili moja ya Novemba. Iliwaangukia waliokuwa wakitoka kanisani, ikawaangukia waliokuwa wakishuka kwenye treni kwenda dukani, haikuchagua dini wala chama. Mama Leokadia, Jaji Mkuu tangu Umoja uzaliwe, alivaa miwani, akatoka kibarazani, akanyosha mkono nje, akaurudisha ukiwa umelowa. Kisha akatuma hukumu kwenye kundi la simu: "Theluji imeanguka. Kiti ki wazi." Ilikuwa hukumu fupi, na watu walisema baadaye kwamba ufupi wake ndio uliokosa adabu.

Mchana uleule Vedasto alimwita Anselmo ukumbini, wakaketi jikoni mahali pa kuoshea vikombe.

"Mdogo wangu," Vedasto alisema, "wewe umesoma. Hebu niambie, theluji ni nini?"

Anselmo akatazama nje. "Ni ile, Mheshimiwa."

"Hapana. Ile ni hali ya hewa. Theluji ni suala la kisiasa." Vedasto akaegemea nyuma. "Mtu mmoja, peke yake, kwenye kibaraza chake, bila kikao, bila akidi, anatangaza theluji. Kesho atatangaza nini? Kiangazi?"

"Ni hatari," Anselmo akakubali, na alipokuwa akikubali aliona kwamba kweli ni hatari.

"Na kiti cha Jaji Mkuu nacho," Vedasto akasema kwa upole, akiangalia vikombe, "si kizuri kikae kitupu muda mrefu. Kinahitaji kijana mwenye msimamo."

Anselmo alikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini alijisikia kijana, na msimamo aliusikia ukimpanda miguuni. Kabla giza halijaingia, na giza la Novemba halina subira, ilikuwa imeundwa Kamati Teule ya Kuchunguza Weupe Ulioonekana. Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Ilibaini kwamba theluji, kwa maana ya kikatiba, ni kitu cheupe kinachoanguka baada ya kuridhiwa na kikao halali, na kwamba chochote kilichoanguka kabla ya hapo ni unyevunyevu. Ilielekeza mabeleshi yote ya kuondolea theluji yafungiwe stoo kama vifaa vya uchochezi. Mchanga wa kumwaga ngazini ukafuatia, kwa sababu mtu akimwaga mchanga anakiri kitu. Viongozi nao waliombwa, kwa hiari yao na bila kukosa, kuvaa viatu vyepesi.

Hili la viatu lilikuwa wazo la Anselmo mwenyewe. Asubuhi ya kesi aliteremka chini akiwa na viatu vyake vya ngozi vya sherehe, soli laini kama sahani, akamkuta mkewe Veronica akikwangua kioo cha gari.

"Unafanya nini?" akamwuliza.

"Nakwangua unyevunyevu," Veronica akasema, bila kugeuka. "Uko mwingi mwaka huu."

"Mke wangu, haya si mambo ya mzaha."

"Sijacheka mimi. Huyo mama unayekwenda kumshtaki alikulaza kwake mwaka mzima, ukala ugali wake, ukavaa viatu vya marehemu mumewe. Mimi nikaja nikakuta umeshanenepa. Nitacheka nini?"

Anselmo akaingia kwenye gari, akaseti kiti, akarekebisha tai. Vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kuuma. Alijiambia kwamba mtu anayetumikia taasisi hana budi kuumia kidogo.

Ukweli ni kwamba Veronica alikuwa amemgusa mahali pabaya. Huko nyumbani, kabla ya kuhama, Mama Leokadia alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo Muleba. Hapa alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee mpaka alipostaafu, na kila Alhamisi alikaa kwenye kona ya ukumbi wa Fittja, na chupa ya chai, akisikiliza magomvi ya watu. Mume aliyehama chumba, ndugu waliogombea msiba, vijana waliopigana kwenye mpira, wote walikuja pale na wote waliondoka wakisema, hata aliyeshindwa, kwamba mama huyu hasemi uongo. Hakuwa na kitu kingine. Na shtaka lake sasa lilikuwa hilohilo, uongo wa makusudi, na adhabu yake ilikuwa kwamba jina lake lifutwe, kona ivunjwe, na mtu yeyote asipeleke kwake ugomvi wowote tena.

Ukumbi ulijaa. Watu walivua viatu mlangoni kama desturi ya nchi hii inavyotaka, na hapo ndipo raia wa kawaida walipotofautiana na viongozi. Raia walivua mabuti mazito yaliyoganda weupe mpaka vifundoni. Viongozi walivua viatu vya ngozi na makubadhi, na mmoja, mweka vikombe, ndala. Mwenyekiti peke yake hakuvua. Alikuwa na kibali maalumu cha kuingia na viatu, alichojipa mwenyewe mwaka wa kwanza kwa sababu za itifaki.

Kiti cha mbele kilikaliwa na Dative, Makamu Mwenyekiti, mama wa Kirundi mwenye sauti ya kengele, aliyegonga meza kwa kijiko. Kabla hajagonga mara ya pili, maji yaliyoyeyuka kutoka kwenye mabuti yalikuwa yameanza kutambaa sakafuni, yakapita chini ya safu ya nyuma, na watu wakaanza kuinua soksi zao.

"Iandikwe," Dative akasema, "kwamba hayo ni maji ya kawaida."

Ikaandikwa.

Anselmo akasimama. Alisoma mashtaka kwa sauti aliyoifanyia mazoezi bafuni: kwamba Jaji Mkuu alitangaza theluji bila idhini, kwamba aliegemea upande mmoja wa wingu, kwamba aliutumia mkono wake wa kulia kupima hali ya hewa kinyume cha mgawanyo wa madaraka, na kwamba yote hayo aliyafanya akijua ni uongo. Makofi yakapigwa na safu ya mbele. Mama Leokadia alikuwa amekaa pembeni peke yake, na kitenge, na sweta kubwa, na soksi za sufu alizozifuma mwenyewe. Shingoni alikuwa na skafu nyekundu ya ujaji. Alimsikiliza Anselmo kwa makini, kama alivyosikiliza watu wote siku za Alhamisi.

Shahidi wa kwanza alikuwa Béata, Mnyarwanda anayefanya kazi kwenye shule ya watoto wadogo.

"Dada Béata," Anselmo akamwuliza, "Jumapili ile na kesho yake, uliona nini?"

"Jumatatu watoto walitoka nje wakajenga snögubbe. Mtu wa theluji, basi. Mkubwa tu."

"Mtu huyo yuko wapi sasa?"

"Yupo. Amesimama. Tulimwekea pua ya karoti."

"Watoto hao wana umri gani?"

"Mitatu, minne."

"Wana umri wa kupiga kura?"

"Ah, kaka Anselmo, alltså, yaani..."

"Jibu swali, dada."

"Hawana."

"Basi Kikao kizingatie," Anselmo akageukia watu, "kwamba ushahidi huu ni maoni ya wasio wanachama."

Safu ya mbele ikanong'ona kwa kuridhika. Anselmo alihisi joto la ushindi mwili mzima isipokuwa miguuni.

Shahidi wa pili alikuwa Sixte, dereva wa basi, Mrundi wa Norsborg. Alifika amechelewa, akiwa bado na koti la kazi, na mabegani mwake kulikuwa na kitu cheupe ambacho Dative alimwomba akakung'ute nje kwanza kwa heshima ya Kikao.

"Ndugu Sixte, kwa nini umechelewa?"

"Bisi ilikataa kupanda kilima."

"Ilikuwa mbovu?"

"Hapana, nzima kabisa. Tairi zinazunguka tu, bisi inabaki palepale. Na ya mbele yangu vilevile, na ya nyuma. Voilà, ndivyo."

"Unaweza kuapa mbele ya Kikao kwamba haukuwa mgomo baridi wa mabasi?"

"Mimi sijapata kuona bisi inagoma, Monsieur."

"Kwa hiyo huwezi kuapa."

"Naapa nini sasa? Kwamba bisi haina chama?"

Watu wa nyuma walicheka, na kicheko kikubwa kuliko vyote kilitoka kwa Urbain. Huyu Urbain alikuwa Makamu Mwenyekiti kabla ya Dative, na namna alivyoondoka kwenye cheo inafaa ikumbukwe. Kwenye sherehe ya kiangazi, wakati watu wanacheza kuzunguka nguzo ya maua, alijikwaa kwenye mpira wa mtoto akaanguka chali. Wiki iliyofuata Vedasto akapitisha Ibara ya Kumi na Moja, ambayo watu huiita Ibara ya Urbain: kiongozi atakayeanguka hadharani kwenye shughuli ya Umoja, bila sababu ya nje inayotambuliwa na Umoja, atahesabiwa amelewa na atavuliwa wadhifa papo hapo. Kikao kikaamua kutoutambua mpira. Aliyesimama kuthibitisha kwamba hakuona mpira wowote alikuwa Anselmo.

"Kimya huko nyuma," Dative akasema, na kijiko kikagonga. "Mshtakiwa ana mashahidi?"

Mama Leokadia akasimama taratibu. "Ninaye mmoja," akasema. "Yuko dirishani."

Ukumbi mzima ukageuka. Nje ya kioo ilikuwa ikianguka, nene, bila haraka, juu ya baiskeli na juu ya gari la Mwenyekiti, juu ya njia yote inayokwenda stesheni. Dative akaamuru pazia lishushwe, kwa sababu shahidi hakuwa ameapishwa.

"Basi nitamwuliza mwendesha mashtaka swali moja," Mama Leokadia akasema. "Inaruhusiwa?"

Dative akamtazama Vedasto, Vedasto akaitazama saa yake. Ikaruhusiwa.

"Anselmo, mwanangu. Ile asubuhi ya kwanza kwangu Hagsätra, uliponiamsha kwa kugonga mlango wa chumba. Uliniambia nini?"

Anselmo alikumbuka. Alikuwa ametoka kibarazani pekupeku, na ulimwengu aliouacha jana yake haukuwepo. Alimgongea mama huyu mlango, akamwambia, Mama, amka, mbingu inapukutika. Na yeye alitoka na khanga kichwani, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kabatini akamletea mabuti ya marehemu mumewe. Hiyo ni theluji, alimwambia. Vaa viatu, twende ukaione.

"Sikumbuki, Mheshimiwa," Anselmo akasema.

"Hukujua ni nini. Mimi ndiye niliyekutajia jina lake. Leo umesimama mbele ya watu unasema silijui." Hakupandisha sauti. "Nimemaliza."

Anselmo aliona aibu, aibu ya kweli. Ilidumu muda wote ambao Vedasto alichukua kukohoa. Baada ya hapo Anselmo akafunga mjadala kwa niaba ya Umoja, kwa maneno mazuri ambayo hata yeye hakuyasikia vizuri.

Kura ilipigwa kwa kunyosha mikono. Vedasto alisimama ili aone vizuri, na kila jicho lake lilipotua juu ya mzazi mwenye binti, mkono ulipanda. Béata alinyosha wake akitazama chini, kwa kuwa ubatizo wa mjukuu ulikuwa Aprili. Sixte na Urbain na wachache wa nyuma hawakunyosha, na majina yao yakawekwa pembeni kwa matumizi ya baadaye. Dative akatangaza kwamba Kikao, kwa kuzingatia ukweli wote isipokuwa ule wa nje, kimemwondoa Jaji Mkuu madarakani.

Mama Leokadia akaivua skafu, akaikunja mara mbili kama mtu anayekunja nguo ya mtoto, akaiweka mezani. Akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni, karibu na viatu. Hapo Vedasto hakupoteza muda. Alimvisha Anselmo skafu ileile, ikiwa bado na joto la shingo ya mwenyewe, akamshika bega mbele ya watu.

"Kuanzia leo," akasema, "hali ya hewa iko katika mikono salama."

Makofi yakapigwa. Vedasto akatangaza Kikao kimefungwa na chai iko chini, kwenye chumba cha kupangisha upande wa pili wa uwanja. Kwa itifaki, hakuna mtu aliyeruhusiwa kutoka kabla ya Mwenyekiti, na kwa bahati yeye peke yake alikuwa tayari na viatu miguuni. Wengine walisongamana mlangoni wakitafuta mabuti, mguu mmoja juu, mmoja kwenye maji ya kawaida. Vedasto akafungua mlango, akatoka kwenye ngazi, akageuka kuwapungia mkono.

Ngazi hazikuwa zimepigwa beleshi. Hazikuwa zimemwagiwa mchanga. Viatu vya Mwenyekiti vilikuwa vya ngozi ya ndama, vimepigwa kiwi asubuhi ileile. Alishuka ngazi zote bila kugusa hata moja, akatua chini kwa makalio, kisha kwa mgongo, na mkono wa kupunga ukabaki juu kwa muda kabla haujashuka nao.

Theluji ikaendelea kuanguka, sasa juu ya suti.

Urbain ndiye aliyefika kwanza kwenye kizingiti, na buti moja tu mguuni. Hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye ibadani.

"Mheshimiwa Jaji Mkuu," akamwambia Anselmo, "naomba mwongozo. Ibara ya Kumi na Moja."

"Jamani, mwinueni kwanza," Dative akasema.

"Hapana, dada, asiguswe, tutaharibu ushahidi. Kiongozi ameanguka hadharani. Shughuli ni ya Umoja. Naomba Jaji aulize sababu ya nje."

Watu wote wakamtazama Anselmo, na skafu nyekundu shingoni. Akatia miguu kwenye viatu vyake vya sherehe, akashuka ngazi kwa kushikilia chuma, hatua kwa hatua, na miguu yake miwili ikitaka kwenda pande mbili. Akainama. "Mheshimiwa Mwenyekiti," akanong'ona, "umeanguka kwa sababu gani?"

"Nimeteleza, mpumbavu wewe," Vedasto akanong'ona naye. "Huoni?"

"Kwenye nini, Mheshimiwa? Naomba kitu kinachotambuliwa."

Vedasto akafikiri. Kitu chenyewe kilikuwa kimeshamjaa kwenye masikio. "Maji," akasema kwa sauti. "Ni maji. Maji ya kawaida."

"Maji ya kawaida yako ndani," Sixte akasema kutoka juu. "Tumeyakanyaga sote kwa soksi tangu mchana. Hajaanguka mtu."

"Basi jani. Jani la mti."

Kila mtu akaitazama miti ya Fittja, ambayo haikuwa na jani hata la kusingiziwa.

"Sababu haijatambuliwa," Urbain akasema kwa huzuni kubwa. "Mheshimiwa Jaji, inasikitisha, lakini kwa Ibara tuliyoipitisha wenyewe, Mwenyekiti amelewa."

Hapo umati ukaachia njia, na akatokea Heshima, mke wa Vedasto, mama wa maombi, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuingia nyumba yenye chupa. Alisimama juu ya ngazi na koti lake refu, akamtazama mumewe chini.

"Vedasto," akasema. "Umekunywa?"

"Mke wangu, wewe unanijua."

"Nakujua. Nimekuuliza. Umelewa, au kuna kitu kimekuangusha?"

Vedasto akamtazama mkewe. Akamtazama Anselmo, aliyekuwa akitazama viatu vyake mwenyewe. Akawatazama wanachama, wale waliokuwa wameinua mikono kwa ajili yake muda mfupi uliopita, na sasa mikono ile ilikuwa mifukoni, na wenyewe wanasubiri kwa adabu. Februari ilimpita kichwani, na balozi, na ile tai. Kanisani nako kulikuwa na kikundi kinachokutana kila Jumatano kupinga ulevi, na yeye ndiye aliyekuwa akikihubiria.

"Theluji," akasema.

"Walio nyuma hawajasikia, Mheshimiwa," Urbain akasema.

"Nimeteleza kwenye theluji!" Sauti yake ilikwenda mpaka stesheni na kurudi. "Theluji, theluji! Imejaa kila mahali, hamna macho?"

Mama Leokadia alikuwa amemaliza kufunga kamba za mabuti yake. Akaja mpaka kizingitini, watu wakampisha bila kuambiwa.

"Imeanza lini, Vedasto?" akamwuliza.

Vedasto akafumba macho. "Ile Jumapili, Mama."

Hakuna kikao kilichohitajika. Hata mweka vikombe, na ndala zake, aliweza kuifanya hesabu hiyo. Ikiwa theluji ilianguka Jumapili ile, kiti kilikuwa wazi tangu Jumapili ile. Ikiwa kiti kilikuwa wazi, kamati haikuwa kamati, kura haikuwa kura, na aliyevishwa skafu alivishwa na mpita njia mwenye suti. Anselmo alikuwa Jaji Mkuu kuanzia mezani mpaka chini ya ngazi, na hata huko hakuwa. Aliivua mwenyewe, akapanda nayo, akampa mwenye nayo kwa mikono miwili.

Mama Leokadia akaivaa, akamtazama kuanzia tai mpaka kwenye vile viatu vya sherehe vilivyolowa.

"Ulikumbuka," akasema.

"Nilikumbuka, Mama."

"Haya. Kafungue stoo, ulete mabeleshi. Na mabuti yako yamo humo?"

"Yako nyumbani."

"Chukua ya Sixte, akishampandisha Vedasto. Watu hawafanyi kazi ya theluji na viatu vya arusi."

Anselmo akaenda. Nyuma yake Sixte na Urbain walimshika Vedasto kwapani, wakampandisha ngazi moja baada ya nyingine, Heshima akimkung'uta mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Walipofika mlangoni Vedasto akanyosha mguu avuke kizingiti, kama alivyozoea miaka yote mitatu.

"Viatu," Mama Leokadia akasema.

Vedasto akasimama kidogo. Kisha akainama, kwa tabu, mbele ya watu wote, akaanza kufungua kamba.